Upande Wangu wa Kichwa

Huyo mwanamke alikuja na kigoda chake mwenyewe, kichana kimoja na kopo la mafuta ya nywele, akasimama mlangoni pa saluni yangu hapa Munuki, mtaa wa Juba, na kuniuliza kama nina nafasi. Alikuwa Mganda wa Koboko, karibu kabisa na mpaka, mtu mzima wa rika langu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kulekule, cha "mimi iko" na "yeye iko". Nilimtazama vidole. Mafundi wa nywele hatutazamani usoni, tunatazamana vidole. Vyake vilikuwa virefu, vikavu, kucha fupi. Nikamwambia ndani kumejaa, lakini kama anataka kuna rakuba pale mbele, kibanda cha matete nilichokijenga ili wateja wapate kivuli wakingojea zamu yao. Akasema asante madamu, akaweka kigoda, akakaa. Laiti ningejua, ningesema hata rakuba imejaa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Wengine hujifanya hawana, na hao ndio wa kuogopwa. Wangu uko wazi, kila jirani anaujua, na mtu akinunua sufuria mpya mbele yangu anajua nitaigeuza niangalie chini kama imetoboka.

Basi nieleze kwa nini huyo wa rakuba alinikera. Mimi nilizaliwa uhamishoni, Uganda. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, na Kiswahili alichokileta kutoka barabarani ndicho alichotulea nacho. Mtoto asiyejibu kwa Kiswahili hakutiliwa sukari kwenye chai. Kiingereza nilikipata shuleni. Kiarabu cha Juba nilikiokota sokoni Custom niliporudi huku ukubwani. Kwa lugha tatu hizo hakuna mteja aliyewahi kunishinda. Mwenye msiba nilimpa pole za kutosha, mwenye mume mkorofi nilimpa mbinu, na asiye na shida nilimtafutia. Tena niliongea kwa nguvu, maana jenereta linanguruma nyuma ya ukuta na draya inavuma juu ya vichwa, na usipopaza sauti utaonekana unatafuna. Watu walicheka mpaka machozi. Walisema saluni yangu ni burudani.

Halafu akaja mtu asiye na maneno, wakaanza kutoka nje mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi niliyekuwa nikimsuka tangu nifungue mlango. Alisema ndani kuna joto, acha leo akae rakuba. Nikasema haya. Safari iliyofuata ilikuwa siku ya mvua, matete yanavuja, na bado alikaa huko huko na mfuko wa plastiki mabegani. Nikajiuliza, joto gani hilo la kwenye mvua? Nikasogeza pazia nikachungulia.

Yule Mganda alikuwa amemkalisha mwalimu chini kwenye mkeka, katikati ya magoti yake, kama mama anavyomsuka mtoto uani. Hakukuwa na kioo. Mwalimu anatazama barabara, fundi anatazama utosi, na mwalimu anaongea. Yule anasuka tu. Mara moja moja anasema "eeh". Mara moja anasema "halafu?" Nilisimama pale hadi miguu ikaniuma nikingojea aseme neno la maana, na sikulisikia. Mwalimu alikuwa anamweleza kwamba mumewe ana nyumba nyingine mtaa wa Jebel. Na hapo ndipo roho iliponiuma hasa, kwa sababu huyo mume nilishamwona Jebel kwa macho yangu, na nyumba yenyewe naijua mlango wake una rangi gani. Habari zote ninazo mimi. Ushauri ninao mimi. Anayeulizwa ni nani? Hakuulizwa mtu. Mwalimu alisema yote, akalia kidogo, akajipangusa na kanga, akaondoka na kichwa kizuri.

Nilijaribu kumwiga, sitaficha. Asubuhi moja niliamua kunyamaza. Mteja akaingia, nikamkalisha, nikaanza kuchana bila neno. Hakumaliza hata kukaa vizuri akanigeukia kwenye kioo na kuniuliza kwa Kiarabu kama nimefiwa. Wa pili akaniuliza kama nina malaria. Nikaona basi, debe langu limezoeleka kuvuma, acha livume.

Mambo yangeishia hapo, ugomvi wa kike wa wateja, kama binti yangu asingefika.

Nina mtoto mmoja tu. Mapigano yalipozuka mjini akiwa bado mdogo, nilimvusha nikamwacha kwa mama yangu Koboko, nikarudi kutafuta riziki. Tulikubaliana hivi: akimaliza kidato cha nne, anakuja kukaa na mimi. Miaka hiyo yote niliishi kwa ahadi hiyo. Nilimpigia simu kila Jumapili nikimweleza jinsi tutakavyoishi, shule ipi atasoma hapa, kitanda chake kitakaa wapi, jinsi nitakavyomfundisha kusuka ili siku nikichoka saluni iwe yake. Mama yangu naye akija kwenye simu alisema ni hilo hilo: niko salama, mtoto yuko salama, usihangaike.

Alikuja mwanzoni mwa Desemba kwa basi, akizunguka kupitia Nimule kwa sababu njia fupi ya Yei haikuwa ya kuaminika. Nilimkuta stendi amekuwa mrefu kuliko mimi. Nilimkumbatia, nikalia, nikaanza kuongea, na nadhani sikunyamaza mpaka tulipofika Munuki. Nilimwonyesha chumba, shuka jipya, pazia jipya. Nilimweleza majirani wote, nani mwema na nani wa kuepuka. Yeye alisema ndiyo mama, asante mama, sawa mama. Nikadhani ni uchovu wa safari. Siku zikapita, uchovu haukuisha. Ndiyo mama, sawa mama, anakula kidogo, anaosha vyombo, anatazama simu, anaiweka. Kila nikimkuta kimya nilikijaza hicho kimya, maana nilijua nikikiacha kitakua.

Halafu nikamkuta rakuba.

Alikuwa amekaa mkekani, anamchambulia yule mwanamke nywele za pakiti, na anacheka. Kicheko chenyewe nilikuwa sikijui. Sikujua kwamba mtoto wangu akicheka hufunika pua. Anaongea haraka haraka, anaonyesha kitu kwa mikono, na yule anasema "eeh", "halafu?" kwa sauti ile ya Koboko, sauti za watu waliomlea. Akamwita Anti. Mimi nikatoka nikijifanya natafuta kichana, na binti yangu aliponiona akainamia zile nywele za pakiti.

Wivu wa wateja ni kama njaa, unakula unaisha. Huu mwingine ulinikaa kooni. Nikipika nauona, nikisali nauona. Mwanamke amekuja kwangu na kigoda, nimempa kivuli changu, sasa anakula mpaka mtoto wangu! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini utamu wa maneno ya mwana ulikuwa unamwagwa kwa mpita njia. Nikawa nampa binti kazi za ndani, lete maji, fagia, shika draya hii. Alifanya zote vizuri, na kazi ikiisha alikuwa anarudi rakuba.

Ikafika wiki ya Krismasi. Wiki hiyo Juba nzima inataka kichwa kipya, na saluni zinafanya kazi mpaka vidole vinavimba. Nilitaka binti yangu aingie kanisani nami amesukwa rasta nyembamba za mpaka kiunoni, watu waone mtoto wa fundi. Lakini rasta kama hizo hula siku nzima, na mimi siku nzima sikuwa nayo. Kwa hiyo tulifanya kama mafundi wote wanavyofanya msimu huo, tulimsuka wawili. Mmoja anashika kulia, mwenzake kushoto, mnaanzia kisogoni mnapanda, mnakutana utosini. Sharti lake ni moja, mikono ilingane. Kichwa cha mikono isiyolingana kinajulikana kutoka mbali. Mafundi wengine wa saluni wote walikuwa na wateja wao, aliyebaki ni yule wa rakuba. Mimi nikashika kulia, yeye kushoto, binti yangu katikati.

Tulianza vizuri. Nilikuwa naongea, nadhani, juu ya kwaya na nguo watakazovaa. Kisha nikaona kichwa kinaegemea. Kidogo tu, kama mche unavyofuata jua, kinaegemea kushoto. Nikakirudisha katikati kwa viganja. Baada ya muda kimeegemea tena. Na binti yangu akaanza kusema, kwa sauti ya chini, akisema na upande ule, kwamba huko nyumbani ni bibi ndiye aliyekuwa anamsuka kila Jumamosi, na siku hizi bibi anamsuka kwa kupapasa.

Yule mwanamke akasema, "Eeh."

Mimi nikadakia. Nilisema bila shaka anapapasa, bibi yako anasuka hata akifumba macho, mimi alinifundisha gizani wakati hatuna hata taa, hakuna fundi kama mama yangu Uganda nzima. Nikasimulia na kisa kimoja cha zamani, kirefu, cha bibi harusi na mistari iliyopinda. Kilikuwa kisa kizuri. Nilipomaliza nikaona vidole vya upande wa kushoto vimesimama, halafu vikaendelea.

Binti yangu hakusema tena. Nami nikaona ni huyu mwanamke aliyemnyamazisha, kwa jicho fulani au kwa ishara, maana wawili wakiwa na siri hawakosi ishara. Vidole vyangu vikaanza kuvuta. Fundi anajua: hasira haikai moyoni, inashuka kwenye mikono. Kila rasta niliyoianza niliikaza kwenye mzizi. Binti akasema, "Mama, unaniumiza." Nikamwambia mtoto wa fundi halii kwa kichana. Tulimaliza jioni. Alisema asante mama, asante Anti, akaenda kulala bila kula.

Siku ya mkesha wa Krismasi, mchana, nilirudi nyumbani mara moja kuchukua taulo safi. Uani kwetu majirani walikuwa wanakaanga maandazi, watoto wanaogeshwa, na binti yangu amekaa chini ya kamba ya nguo na kioo kidogo mapajani, anafumua. Alikuwa amekwisha kufumua nusu. Upande wa kushoto rasta zimelala hadi kiunoni, nzuri, zimenyooka. Upande wa kulia hakuna kitu, nywele zake mwenyewe zimesimama, na ngozi ya kichwa imejaa vipele vyekundu pale nilipokaza.

Amefumua upande wangu tu.

Majirani walikuwa wameshaona, wanakaanga wakitazama chini. Akaniambia pole pole kwamba kulikuwa kunauma, hakuweza kulala, atazisuka tena mwenyewe. Nilitoka na taulo begani, nikaenda moja kwa moja rakuba.

Nilimkuta ana kichwa cha mteja mkononi. Wateja wengine watatu wanangoja. Sikujali. Nilimwuliza anamwambia nini mtoto wangu. Nilimwuliza ni dawa gani anampa, mpaka mtoto anakataa mkono wa mama yake mzazi. Niliyasema yote kwa lugha zote, nikamwambia kuku mgeni hakosi kamba mguuni, yeye nimemfungua kamba mapema ndiyo maana anaparua mpaka jikoni kwangu. Alinisikiliza. Hilo nalo likaniudhi zaidi, kwamba hata kutukanwa anasikiliza.

"Mimi hapana ambia yeye kitu, madamu," akasema. "Yeye iko anasema, mimi iko nasikia."

"Anasema nini?"

Aliisuka ile rasta mpaka ncha, akaifunga, ndipo akaniangalia.

"Hiyo maneno ni ya yeye. Mimi nikikupa wewe, nimeiba. Uliza yeye. Halafu ngoja."

Nikamwambia achukue kigoda chake aondoke. Akasema sawa madamu, wacha nimalize hii kichwa.

Nilirudi nyumbani. Njiani nilikuwa napanga maneno, na nilikuwa nayo mengi na mazuri. Nilikuwa na neno la kumwambia juu ya miezi tisa, na neno juu ya karo, na neno juu ya pazia. Nilipoingia uani alikuwa anajaribu kugawa nywele kisogoni kwa mkono mmoja, kioo kimeanguka. Kisogo cha mtu hakisukwi na mwenyewe, hata awe fundi namna gani. Nikaingia ndani nikatoa mkeka na mafuta, nikakaa kwenye ngazi, nikamwita. Akaja akakaa chini katikati ya magoti yangu akinipa mgongo.

Nikaanza kisogoni, bila kukaza. Nikamwuliza, "Bibi yako hajambo?"

Akafuta kioo chake kwa pindo la gauni.

Sasa sikiliza. Mimi nimewahi kuzaa, nimewahi kuvuka mpaka usiku nikiwa na homa, nimewahi kulala kwenye foleni ya hospitali, lakini sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa na swali langu bila kulijibu mwenyewe. Majibu yalinijaa mdomoni. Bibi hajambo, niliongea naye Jumapili. Bibi anakukumbuka. Bibi amefurahi uko na mama yako. Nilijiuma ulimi kwelikweli, mpaka nikasikia ladha ya damu. Jirani akaleta maandazi kwenye sahani, nikamwonyesha kwa kidole aweke pale, akashangaa kuniona sisemi. Nikasuka. Nikasuka nyingine. Nikaona huyu mtoto hatasema, na yule mwanamke ananicheka huko aliko. Ndipo binti yangu akasema:

"Bibi haoni, mama."

Mikono yangu ilisimama. Nikasema, "Eeh," kwa sababu sikuwa na neno lingine, na kwa mara ya kwanza halikuwa la kuiga.

Akaeleza. Alieleza akitazama ukuta wa jirani, polepole, na mimi nikawa namtazama utosi. Ilianza na kutunga uzi kwenye sindano, bibi akawa anamwita amtungie. Kisha akawa anamimina chai nje ya kikombe. Kisha akawa anajua mtu kwa mlio wa miguu tu, na mgeni mwenye viatu vipya anamwogopa. Mwaka huu umekuwa ukungu mtupu, jicho moja halina kitu kabisa. Bibi alimkataza asiniambie. Alisema nikijua nitaacha kazi nije, na tukila nini? Au nitambeba kumleta Juba, na yeye mpaka ule hatauvuka tena, amekimbia vya kutosha, mara zote na mzigo kichwani, na mzee, baba yangu, amezikwa pale. Akamwapisha mtoto kwa Biblia kwamba nikiuliza aseme bibi yuko salama. Lakini sikuwahi kuuliza, kwa hiyo hata kiapo hakikuvunjika. Nilikuwa nasema mwenyewe kwamba yuko salama.

"Kabla sijapanda basi nilimfungia kamba," akasema. "Kutoka mlangoni mpaka chooni, aishike akitembea. Lakini watoto wa jirani wanaifungua wakicheza. Binamu anayekaa naye anaenda sokoni alfajiri, anarudi jioni. Siku moja bibi aliifuata kamba ikaishia hewani. Alikaa hapo hapo chini mpaka mtu akapita."

Nilifungua mdomo. Nakiri nilifungua mdomo. Nilikuwa na mpango tayari, maana mimi sikosi mpango: tutamwajiri msichana, tutamtafutia daktari mjini Arua, jirani na Koboko, tutamshawishi, atakuja, mimi najua kumshawishi mama yangu. Lakini nilikuwa nimekishika kile kichwa kwa mikono miwili, na kabla sijatoa sauti nikasikia kinakakamaa. Shingo ilikaza, mabega yakapanda. Alisikia nikivuta pumzi ya kuongea. Mtoto wangu anaijua pumzi yangu ya kuongea na anajikinga nayo.

Nikaifunga ile pumzi. Baada ya muda mabega yakashuka.

"Nataka kurudi, mama," akasema. "Sikukuambia kwa sababu umenunua pazia."

Hapo ndipo niseme ukweli wa moyo wangu ulivyokuwa, na anayetaka kunihukumu anihukumu. Sikufikiria kwanza macho ya mama yangu. Nilimwonea wivu. Mama yangu mzazi, kipofu, ameshika kamba hewani, nilimwonea wivu hasa. Yeye ndiye aliyepewa Jumamosi zote. Yeye ndiye anayekumbukwa mtoto akicheka huku. Nilikuwa nimepigana wiki zote hizo na mwanamke wa rakuba bure, kumbe mwizi, kama kuna mwizi, yuko Koboko, na mali niliyompelekea nilimpelekea kwa mikono yangu. Wivu ule haukunitoka. Ulikaa pale pale na mikono yangu ikaendelea kusuka, na nilihakikisha haushuki vidoleni.

Nilimwuliza, "Hapo unaumia?"

"Hapana."

"Na nini tena?"

Akanieleza na mengine. Kwamba anataka kusomea uuguzi na chuo kipo huko huko Arua. Kwamba kusuka hakupendi, hajawahi kupenda, vidole vinamwuma. Kwamba Anti alimkumbusha wanawake wa sokoni kwao, ndiyo maana alikuwa anakwenda kukaa pale, na kwamba Anti hajawahi kumwambia afanye nini hata mara moja. Jua lilikuwa limezama upande wa Jebel na majirani wamekwisha kuondoa masufuria. Nilipofika utosini nilikuwa nimesikia mambo mengi kuliko Jumapili zote za simu, na hakuna hata moja nililotaka kulisikia.

"Kula Krismasi na mimi," nikamwambia. "Halafu nenda."

Akageuka akaweka paji lake kwenye goti langu.

Tulikwenda kanisani. Kila mtu alisifu kichwa. Baada ya sikukuu nilimsindikiza stendi asubuhi, na yule mwanamke naye alikuja, na mfuko wa karanga na kopo la mafuta ya kumpelekea bibi. Nilikuwa nimemwambia aondoke rakuba, lakini baada ya yale yote sikurudia, naye hakuuliza. Binti yangu alimkumbatia yeye kwanza, mimi mwisho. Nilijiambia wa mwisho ndiye mkubwa. Kisha nikaona yule wa kwanza alikumbatiwa kwa muda mrefu zaidi, nikaumia upya.

Zikapita siku mbili bila habari. Nilikuwa na mteja kwenye draya simu ilipolia. Nilipoona namba nilitoka nikapita rakuba, nikaenda kusimama karibu na stendi ya bodaboda ambako kidogo kuna mtandao. Nilikuwa na mambo ya kumwambia, si kidogo. Nilikuwa nimeongea na daktari, nilikuwa nimeuliza habari za chuo, nilitaka kumwambia nyumba haina sauti.

Nikasema, "Haya, niambie."

Akaniambia. Alikuta kamba imefunguliwa, ameifunga upya kwa waya, juu kidogo, watoto wasiifikie. Bibi alimtambua kwa hatua kabla hajabisha. Bibi alimfokea kwa kuvunja kiapo, kisha akamshika mikono akakataa kuiachia, ikabidi wapike wameshikana. Akaniambia usiku wa kwanza bibi alilala mpaka jua likatoka, na hakuwahi kulala hivyo tangu mjukuu wake aondoke. Akaniambia amenitengea mahali pa kulala nikija Pasaka. Alikuwa anaongea haraka haraka, mambo yanagongana, na nikajua kwamba huko aliko amefunika pua. Sikumkatiza. Nilisema "eeh", nilisema "halafu?", na akaendelea hadi salio lake likamwishia katikati ya neno, na yale yangu yote nikabaki nayo.

Nilirudi nikijipangusa macho kwa pindo la aproni. Yule mwanamke alikuwa na kichwa magotini, wateja wamejaa mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue yeye ndiye aliyeuliza.

"Madamu, mtoto nasema nini?"

Nilimwangalia. Nilimwacha angoje kidogo.

"Ameongea na mimi," nikasema, nikaingia ndani.